Dawa za sonona
Dawa za sonona ni dawa zinazotibu sonona, na mara nyingi wasiwasi uliopindukia, kwa kugusa kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya seli za neva katika ubongo. Seli hutoa serotonini au noradrenalini kwenye mwanya mwembamba unaoitenganisha na jirani yake, kisha huifyonza tena. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia ufyonzaji wa serotonini. Amitriptilini, ya kundi kongwe zaidi, huzuia ufyonzaji wa zote mbili, ila hukausha kinywa, huleta usingizi, na ikizidi dozi huvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Uzuiaji huo huanza ndani ya saa chache, ilhali nafuu huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi; ndiyo maana kusema sonona ni upungufu wa serotonini tu hakutoshi. Chanzo cha dawa hizi ni bahati: iproniazidi, mojawapo ya dawa za kwanza, katika miaka ya 1950 ilikuwa ikitumiwa kutibu kifua kikuu ilipogunduliwa kuwa husaidia pia dhidi ya sonona. Kuacha vidonge ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi, hivyo dozi hupunguzwa polepole.