Dume Mwenye Utepe

Ndugu wafugaji, leo tuzungumze juu ya ng'ombe wa maonyesho, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, siku chache baada ya Nane Nane, alinijia mzee mmoja hapa chuoni. Alikuwa ametoka uwanja wa maonyesho, na huko alimwona dume chotara, baba wa Ulaya na mama Boran, mgongo umenyooka kama meza, shingoni kafungwa utepe wa mshindi. Mwenye dume alikuwa tayari kuuza. Mzee akaniuliza: "Mwanangu, nikimpandisha huyu kwa ng'ombe wangu wa kienyeji, nitapata ndama walio kama yeye?" Mimi nami nilikuwa nimemwona dume yule, na macho yangu yalikuwa yamempenda. Nikajibu, "Bila shaka, mzee." Akaenda, akauza mitamba wanne, akamnunua.

Jibu langu halikuwa sahihi. Na kwa nini halikuwa sahihi, hiyo ni habari ya zamani sana. Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kuliona jambo hili na kulilipia, tena kwa bei kubwa kuliko mitamba wanne.

Tuanzie Uingereza ya kaskazini, katika jimbo la Durham. Huko waliishi ndugu wawili, Charles na Robert Colling, waliofuga ng'ombe wa aina ya Shorthorn. Mwaka 1796 kwa Charles alizaliwa ndama dume, akahasiwa, akanenepeshwa mpaka akapita tani moja. Watu wakamwita Durham Ox, yaani maksai wa Durham. Tangu mwaka 1801 bwana mmoja aitwaye John Day alimtembeza nchini ndani ya gari lililoundwa kwa ajili yake, na watu wakatoa kiingilio kumtazama, kama sisi tunavyolipa kwenda kutazama mpira. Mwaka 1807 maksai huyo aliteguka nyonga, hakupona, akachinjwa.

Sasa angalieni. Mnyama aliyeifanya Shorthorn ijulikane Uingereza nzima hakuweza kuzaa hata ndama mmoja. Yeye alikuwa tangazo tu. Waliouzwa kwa sifa yake walikuwa jamaa zake.

Na waliuzwa kweli kweli. Mwaka 1810 Charles Colling alipiga mnada kundi lake, na dume aitwaye Comet akanunuliwa kwa pauni 1,050, bei ambayo haikuwa imepata kulipwa kwa ng'ombe yeyote wa Shorthorn. Ukoo wa Comet ulikuwa hivi: baba yake ni Favourite, mama yake ni binti wa huyo huyo Favourite, tena binti aliyezaliwa na mama mzazi wa Favourite. Kwa binadamu huo ni mwiko usiotamkika. Kwa Colling ilikuwa njia ya kuifunga sura aliyoitaka, ili ndama wafanane. Lakini damu ikirudiwa namna hiyo miaka na miaka, ubaya uliojificha nao hurudiwa, na mara nyingi uzazi ndio unaoanza kulegea.

Mwaka 1822 George Coates alitoa daftari la ukoo wa Shorthorn, la kwanza la aina hiyo kwa ng'ombe. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Taabu ilikuja pale watu walipoanza kununua karatasi badala ya ng'ombe. Mkulima Thomas Bates alikuwa ameujenga ukoo uitwao Duchess kutokana na ng'ombe wa Colling, na baada ya kufa kwake jina hilo likawa kama dhahabu. Tarehe 10 Septemba 1873, mahali paitwapo New York Mills huko Marekani, ng'ombe jike mmoja wa ukoo huo aliuzwa kwa dola 40,600. Kumbukeni, hiyo ni dola ya wakati ule! Na ukoo wenyewe ulikuwa mgumu wa kushika mimba. Kila jike aliyekosa kuzaa alizidisha uhaba, uhaba ukazidisha bei, na bei ikawapumbaza watu wasiulize kwa nini hazai. Mwishowe ukoo wa Duchess ulitoweka kabisa.

Wakati huo huo, huko Aberdeenshire katika Scotland, alikuwapo mtu mwingine, Amos Cruickshank. Yeye alitaka ng'ombe wa kumfaa mkulima wa kawaida, mnene wa nyama, anayekomaa mapema na kustahimili baridi. Mwaka 1859 kwake alizaliwa dume aliyepewa jina kubwa, Champion of England, yaani bingwa wa Uingereza. Mwaka 1861 akampeleka kwenye maonyesho makubwa ya Leeds. Bingwa huyo hakupata zawadi. Cruickshank akamrudisha nyumbani, akawatazama ndama wake walivyokuwa wakinenepa, akamshika kwa miaka mingi. Shorthorn wa nyama waliokuja kuenea baadaye, hata Marekani, kwa sehemu kubwa walikuwa na damu ya dume huyo aliyekosa utepe.

Sasa tuvuke bahari, maana kisa kikubwa zaidi kilitokea huko. Mjini Chicago yalianza mwaka 1900 maonyesho ya mifugo yaliyokuja kuwa makubwa kuliko yote Marekani. Ilipofika miaka ya 1930 na 1940, waamuzi walipenda ng'ombe mfupi, mpana, aliyekaa kama sanduku. Wafugaji wa Hereford na Angus wakafuata macho ya waamuzi. Mwisho wa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 wakaanza kuzaliwa ndama vibete, vichwa vikubwa, matumbo yamejaa, wakipumua kwa kukoroma. Wengi walikufa wakiwa wadogo.

Kasoro hiyo hurithiwa kwa kujificha. Ndama akiipata kwa mzazi mmoja tu, hawi kibete. Akiipata kwa baba na kwa mama, basi. Mkipandisha dume aliyeibeba kwa jike aliyeibeba, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne atakuwa kibete. Na sasa sikilizeni ubaya wa jambo: mbebaji asiye mgonjwa mara nyingi alikuwa ndiye yule mfupi mnene, mzuri machoni, anayepewa zawadi. Utepe ulikuwa ukiuchagua ugonjwa! Wafugaji wengine waliona aibu wakanyamaza, wakaendelea kuuza madume, na kasoro ikaenea kwa wanunuzi ambao hawakujua lolote.

Baada ya hapo macho yakageuka. Mwaka 1969, kwenye maonyesho hayo hayo ya Chicago, mwamuzi Don Good wa Chuo Kikuu cha Kansas State alimpa ushindi mkuu maksai aitwaye Conoco. Huyo hakuwa wa aina safi. Alikuwa chotara wa Charolais, ng'ombe mweupe wa Ufaransa, na Angus. Alikuwa mrefu, mwenye nyama nyingi na mafuta kidogo, yaani vile wanunuzi wa nyama walivyokuwa wakitaka. Kuanzia hapo watu walikimbilia Charolais, Simmental na Chianina. Wakakimbia mno, kama kawaida yetu wanadamu. Katika miaka ya 1980 ng'ombe wa maonyesho walikuwa warefu kupita kiasi, wakichelewa kunenepa, na majike madogo waliopandishwa madume makubwa walikwama kuzaa. Baadaye ikabidi warudi katikati.

Lakini tubaki na Conoco kidogo. Alikuwa maksai. Kama yule wa Durham, safari yake ilikuwa ya kwenda machinjioni. Kwa maksai, uchotara ni faida tupu: aina mbili zilizo mbali zikikutana, ndama wao wa kwanza huwa na nguvu, hukua upesi kuliko wastani wa wazazi wao. Anayetaka Conoco mwingine harudi kwa Conoco. Anarudi kwa Charolais safi na Angus safi, akawapandisha tena.

Ninyi mnaolima mnalijua hili kuliko mnavyodhani. Ukipanda mahindi chotara, mwaka wa kwanza shamba linapendeza, mabua yamelingana. Ukichukua punje za mavuno yale ukazipanda tena, unapata nini? Bua moja refu, moja fupi, gunzi moja jema, jingine tupu. Dume chotara naye ni hivyo. Uzuri wake ni wa mkutano wa baba na mama yake, na mkutano huo hawezi kumpa mtoto mzima mzima. Mtoto anachukua nusu ya damu yake, nusu ipi hakuna ajuaye.

Ni kweli, machotara wanaweza kufanywa aina mpya. Hapa kwetu, kituo cha Mpwapwa kilianza kazi hiyo katika miaka ya 1940, wakachanganya Red Sindhi, Sahiwal, zebu wetu na Boran, na damu kidogo ya Ulaya. Lakini kituo kilikuwa na kundi kubwa, mizani, madaftari, na miaka mingi ya kuchagua kizazi baada ya kizazi kabla ya kusema sasa hii ni aina. Mzee wangu alikuwa na majike tisa na dume mmoja.

Ndama walipozaliwa, wawili walikuwa wazuri kweli. Waliobaki walikuwa kila mmoja na sura yake, na mmoja alikuwa dhaifu, kupe wakamsumbua tangu mwezi wa pili. Jike mmoja mdogo alikwama kuzaa. Tulimvuta ndama kwa kamba usiku kucha, tukimulikiwa na taa ya kandili. Ndama alikufa, mama akapona. Asubuhi mzee hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Tukakaa chini, nikamwambia niliyopaswa kumwambia mwanzo. Amtafute dume Boran safi, asiye mkubwa kupita majike wake, na kabla ya kulipa akawaone mama wa dume na ndama wake waliokwisha kuzaliwa, awaulize watu walizaliwa kwa taabu au bila taabu. Ndama dume awahasi awapeleke mnadani. Mitamba wazuri awabakize, na dume abadilishwe kabla hajawapanda binti zake, tusije tukafanya ya Comet. Akitaka maksai wa maonyesho, na apandishe majike wachache walio wakubwa kwa mbegu ya Ulaya ya kupandikiza, akijua kwamba hao ni wa kuuzwa, si wa kuendeleza kundi.

Yule dume mshindi tulimpeleka mnadani mwaka uliofuata. Alipopandishwa kwenye mizani alikuwa mzito kuliko ng'ombe wote wa siku ile, na mwenye bucha alilipa bila kubishana sana. Mzee alimfungua utepe shingoni kabla ya kumkabidhi, na mpaka leo umetundikwa ukutani kwake, karibu na mlango.