Dizeli ya 50: kwa nini Kenya haingeweza kusafisha mafuta yake peke yake

Kila bei mpya za mafuta zikitangazwa, hoja hii hurudi: "Kwa nini tubanwe na viwango vya Afrika Mashariki? Si kila nchi ijipange?" Mimi nasomea sayansi ya siasa, si uhandisi, lakini nadhani historia ya dizeli yetu inajibu swali hilo vizuri kuliko midahalo mingi ya runinga. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo mashabiki tulieni kidogo.

Tatizo lenyewe ni salfa, yaani kiberiti. Imo ndani ya mafuta ghafi tangu yanapotoka ardhini. Isipopunguzwa, injini ya dizeli huitoa kama gesi na chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Isitoshe, huharibu vichujio vya moshi, kwa hivyo hata ukinunua lori la kisasa, mafuta machafu yataliua kichujio. Juni 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Tulikuwa na mfano tayari. Juni 2001, nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuondoa madini ya risasi kwenye petroli. Mwaka uliofuata, kule Johannesburg, serikali, kampuni za mafuta na mashirika yakaunda ushirikiano wa mafuta na magari safi, na ofisi yake ikawa hapa Nairobi, chini ya UNEP. Kufikia mwanzo wa 2006, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeachana na petroli ya risasi. Baada ya hapo macho yakageukia salfa.

Sasa angalia ramani. Mafuta yanashuka Mombasa, yanaingia kwenye bomba hadi Nairobi, kisha Nakuru, Eldoret na Kisumu, na kutoka huko malori yanayapeleka Uganda na Rwanda. Mafuta ya waagizaji wengi husafiri pamoja ndani ya bomba hilo. Huwezi kumwambia Mganda achukue dizeli chafu na Mkenya achukue safi kutoka kwa mfereji mmoja. Na kama nchi mbili jirani zina dizeli za bei tofauti, ile ya bei nafuu itavuka mpaka usiku, sote tunajua.

Kizuizi kikubwa kilikuwa nyumbani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963, na kwa miaka mingi waagizaji walilazimika kusafishia huko sehemu ya mafuta yao. Mitambo yake haikujengwa kwa dizeli safi kiasi hicho. Kukiboresha kulihitaji pesa nyingi, na kukifunga kulimaanisha ajira za Pwani, na hapo siasa ikapata chakula. Septemba 2013 kikaacha kusafisha mafuta ghafi. Ilikuwa pigo kwa Changamwe, sitapamba. Lakini tangu hapo kila lita ya dizeli ilitoka nje ikiwa tayari imesafishwa, na kubadilisha kiwango kukawa suala la kubadilisha masharti ya zabuni.

Januari 1, 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Sisi tulikuwa kwenye 500. Ulaya, kwa kulinganisha, iko kwenye 10 tangu 2009. Afrika Magharibi ilichelewa: 2016 Ghana na Nigeria bado ziliruhusu hadi 3,000, mpaka shirika moja la Uswisi lilipofichua jinsi wafanyabiashara wa mafuta walivyotumia viwango hivyo vilegevu kuuza huko dizeli isiyouzika Ulaya. Mnyonge ni yule anayejadiliana peke yake na muuzaji mkubwa.

Basi mbona bado tunameza moshi mweusi nyuma ya malori pale Mlolongo? Kwa sababu mapatano yalisafisha mafuta, hayakusafisha magari. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8 likiingizwa nchini. Uganda, tangu 2018, imeweka 15. Tanzania haikatazi, inaongeza ushuru tu. Mafuta yana mlango mmoja na waagizaji wachache, ni rahisi kuwabana. Magari yana wenyewe maelfu, na wenyewe wana kura.

Halafu kuna uchakachuaji. Wajanja walichanganya mafuta taa na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi, na hapo kile kiwango cha 50 kikabaki karatasini. Mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili bei zikaribiane. Kiuchumi ilieleweka. Lakini aliyelipa si mwenye lori. Ni mama wa Kibera au Kondele anayepikia stovu, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote, na ambaye hakuna aliyemuuliza.