Fedha Mikononi mwa Vijana wa Unguja

Ni lawama ya kila zama kwamba vijana hawajui thamani ya fedha. Mzee aliyechuma senti kwa jasho humwona mwanawe akiimaliza shilingi kwa nguo na mapambo, akasema kizazi kimepotoka. Lawama hii haikosi haki, kwani wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini historia ya Unguja yatufundisha kuuliza kwanza: fedha ile ilinunua nini?

Tarehe 6 Aprili, 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Uhuru huo ulikuwa na masharti. Mtumwa ilimpasa kuuomba mahakamani, na aliyeupata alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya riziki, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria walingoja mpaka mwaka 1909.

Wengi walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Walijenga nyumba za udongo, wakafanya uhamali na uchuuzi, na msimu wa karafuu ulipofika walikwenda mashambani kuchuma kwa ujira wa pishi. Zamani mtumwa aliyefanya kibarua mjini aligawana ujira na bwana wake. Sasa rupia ilikuwa yake nzima.

Rupia hiyo ilinunua chakula, na tena ilinunua nguo. Katika utumwa mwanamke alivaa merikani au kaniki, kichwa wazi. Mwanamume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Baada ya uhuru kaniki iliachwa, zikaja doti za kanga zenye rangi, kisha buibui. Wanaume nao wakavaa kanzu na kofia. Mtazamaji aliuona ubadhirifu. Wao walikuwa wakinunua heshima, ambayo amri ya mfalme haikuweza kuwapa.

Wala mkono huo haukuwa wazi kwa kila mdai. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, wanawake kwa wanaume, waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojenga. Mkono uliofunguka kwa kanga uliweza pia kufumbwa.

Sisemi kuwa kila doti ilinunuliwa kwa hekima. Heshima ya nguo huchakaa pamoja na nguo, na ikinunuliwa kwa deni humtia mtu chini ya bwana mwingine. Leo hori limekwisha kufukiwa, na pale Darajani kijana hutoa fedha zake kwa simu na viatu. Tukitaka kumwonya, na tumwonye. Lakini kwanza tumwulize ni dharau gani anayoikimbia, na kama ni sisi tuliomdharau.