Akiba Haiozi? Sarafu Ndogo na Majina Yake

Wahenga walisema akiba haiozi. Sina nia ya kubishana nao, ila ninacho kijisanduku cha mninga nilichorithi kwa bibi yangu, mzaa mama, aliyeishi Tanga, nacho kimenifanya niutafakari upya usemi huo. Ndani yake mna sarafu za shaba zenye tundu katikati, na pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu hilo. Bibi alizitunga katika uzi wa katani, kumi kumi, kama shanga. Alikusudia kununua cherehani. Hakuinunua, na sababu yake nitaieleza. Lakini kwanza, wapenzi wa lugha, tuzifuate sarafu hizi tangu zilikotoka.

Katika karne ya 19, biashara kubwa ya pwani yetu ilihesabiwa kwa riale ya fedha, ile yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, na kwa rupia ya Bara Hindi. Lakini mtu aliyekwenda sokoni kununua fungu la muhogo hakuwa na haja ya riale. Alihitaji kitu kidogo. Kitu hicho kilikuwa paisa, sarafu ya shaba ya Kihindi ambayo 64 zake zilitimiza rupia moja. Ulimi wa Mswahili ukaiita pesa. Sayyid Barghash bin Said wa Unguja alipotoa sarafu zake mwaka 1299 wa Hijria, takriban 1882 Miladia, pesa yake ya shaba ilichorwa mizani. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa ikatoa pesa yake mwaka 1888, nayo ina mizani. Kampuni ya Kijerumani ikafuata mwaka 1890, na hesabu ikabaki ileile: pesa 64 kwa rupia moja.

Mwaka 1904 Wajerumani waliiondoa pesa katika hesabu zao, wakaigawa rupia kwa heller 100. Ndiyo asili ya neno hela. Mwaka 1916, wakiwa vitani na njia za bahari zimezibwa, walifua sarafu za heller 5 na 20 katika karakana ya reli mjini Tabora. Muda mfupi baadaye utawala wao ukaanguka, na heller ikaanguka nao.

Waingereza nao walileta senti. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, iliijaribu florini kwa muda mfupi, kisha kuanzia 1921 ikaleta shilingi. Wenyeji hawakungoja kufundishwa majina. Kenya, senti tano ikawa ndururu, senti kumi ikawa peni. Senti hamsini ikaitwa thumuni, au sumuni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Ya nane ya nini, ilhali hamsini ni nusu ya shilingi? Piga hesabu ya wazee: riale moja ilihesabiwa kuwa rupia mbili, na rupia moja ikageuka shilingi mbili. Riale basi ni shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti hamsini. Riale ilikwisha kutoweka sokoni, lakini kivuli chake kikaendelea kuhesabu chenji.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Mzungumzaji wa leo akitaka kutaja mali yote ya fedha duniani, husema pesa, au husema hela. Ya kwanza ilikuwa moja ya 64 ya rupia. Ya pili, moja ya mia. Riale na rupia, zilizokuwa bwana zao, zimebaki kuwa majina ya fedha za kigeni au za historia. Neno fedha limedumu, lakini hilo lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la noti. Sarafu ndogo zimewapiku wakubwa. Hata huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 haikuitwa kwa jina la shilingi. Iliitwa M-Pesa, ikabeba jina la kipande cha shaba. Nadhani sababu ni nyepesi. Lugha hutengenezwa na wengi, na wengi walishika sarafu ndogo.

Sasa nirudi kwa bibi. Aliuza maandazi, na kila jioni alitia senti tano au senti kumi katika kijisanduku alichokipigilia misumari, akiacha upenyo tu. Alikiita kibubu. Katika neno hilo sikio halikosi kumsikia bubu: kitu kinachopokea na hakisemi. Alijiwekea nadhiri kwamba hatakifungua mpaka kijae. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi, zikaja sarafu mpya zenye sura ya Mwalimu Nyerere: senti tano ina samaki, senti ishirini ina mbuni, senti hamsini ina sungura. Fedha za Bodi zikaanza kuondolewa, shilingi kwa shilingi. Bibi alisikia habari hizo. Alisema chuma ni chuma, tena kibubu hakijajaa. Alipokivunja, muda wa kubadilisha ulikuwa umepita. Mwenye duka alizipima mkononi, akamrudishia kwa adabu.

Alianza upya, kwa sarafu za sungura na mbuni. Safari hii hazikufutwa, zilikondeshwa. Ilipofika miaka ya 1980, bei zilikuwa zikipanda haraka kuliko mkono wake ulivyoweza kutia. Alishona kwa sindano hadi mwisho wa maisha yake.

Tumezoea kuwaambia watoto kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tukumbuke kuwa kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, na neno haba hunasibishwa na habba ya Kiarabu, yaani punje. Punje ya mtama haihitaji serikali ili iwe mtama. Sarafu ni ahadi ya aliyeifua, na ahadi hiyo yaweza kuvunjwa au kupungua. Tena hata mkulima hafungi ghala akasahau. Huanika nafaka yake, huikagua isiingie fukusi. Kibubu humlinda mtu na mkono wake mwenyewe. Hakimlindi na wakati.

Kwa hiyo mimi nami ninacho kibubu, ila sikiachi kijae. Kila baada ya miezi mitatu ninakifungua, ninapanga sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 mafungu mafungu, ninampelekea jirani yangu mwenye duka. Yeye hukosa chenji kila siku, hata huwapa wateja pipi mahali pa shilingi mia. Hufurahi, hunipa noti, nami noti hizo naziweka benki siku hiyohiyo. Si nyingi. Mwaka jana zilitosha kununua cherehani ya mkono, iliyotumika, na sasa binti yangu anajifunza kushona.

Sarafu za bibi zimo bado katika uzi wake. Sikuziuza kwa wakusanyaji, wala sijui kama nitaziuza. Nimezihesabu tu: ni mafungu kumi na manne.

Ndugu msomaji, kwenu senti tano iliitwaje? Na senti kumi? Waulizeni wazee wangali wapo, mtuandikie. Majina hayo hayana benki ya kuyatunza isipokuwa vinywa vyetu.