Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Waliotuandikia habari za Tura walikuwa wapita njia. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na kwao Tura ilikuwa mwisho wa Mgunda Mkali, lile pori kavu linaloitenga Unyamwezi na Ugogo. Ukilivuka salama unaona mashamba, unajua hutakufa njaa. Mimi ni wa ukoo wa waliokuwa wakiwauzia unga, kwa hiyo habari hii naianzia kwenye kipimo.

Mpagazi alihesabiwa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Mara nyingi hakupewa nafaka yenyewe; alipewa shanga au kipande cha kitambaa, akajinunulie. Bibi yangu mzaa mama alisimuliwa na mama yake jinsi biashara ile ilivyokwenda hapa Tura. Chombo kilikuwa kimoja, lakini vibaba vilikuwa viwili. Kibaba cha tele kilirundikwa unga mpaka ukamwagika pembeni. Kibaba cha mfuto kilipitishiwa kijiti juu, unga ukalingana na mdomo wa chombo, na kilichodondoka kikarudi kapuni kwa muuzaji. Msafara uliotoka pwani, watu wamekonda, wengine wana siku mbili hawajala, ulipimiwa mfuto. Uliotoka Tabora na pembe za ndovu ulikuwa umeshapita Kigwa na Rubuga, ungeweza kuwa umejaza mifuko huko, basi huo ulibembelezwa kwa tele. Mama yake bibi hakuona haya kulisema hilo. Alisema wapagazi walitukana sana, kisha wakanunua.

Kwa hiyo kwa siku mbili tatu hivi, tajiri mwenye mizigo mia ya vitambaa vya merikani na kaniki alikuwa mikononi mwa mwanamke wa Kinyamwezi mwenye kinu. Napenda kuwakumbusha hili wale wanaotusimulia historia yetu kama msururu wa watu wanaopigwa tu.

Lakini tusidanganyane. Unga ule ulikuwa wa nani? Kaya ya mume, mke na watoto wadogo haikuwa na ziada ya kulisha msafara. Ziada ilitoka kwa wenye mikono mingi. Wanaume wetu waliondoka baada ya mavuno, wakabeba mizigo kwenda na kurudi pwani, na kila aliyeweza alijitahidi awe amerejea mvua zinapoanza. Waliofanikiwa kuweka akiba ya vitambaa walinunua watu, wengi wao wakiletwa kutoka upande wa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na hao ndio waliolima na kutwanga wakati mwenye nyumba yuko safarini. Safari iliyofuata aliiendea kwa raha zaidi, kwa sababu shamba halikumngoja. Jirani asiye na mtu wa kumlimia alikuwa na mawili ya kuchagua: abaki alime akose kitambaa, au aende arudi akute magugu.

Katika ukoo wetu jambo hili husemwa kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa akiwataja "watu wa nyumbani", na mtoto akiuliza wametoka wapi anatumwa kuteka maji. Waingereza walifuta utumwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria ile haikugawa upya majaruba ya mpunga wala mifugo. Hata leo, ndugu wakikaa kugawana mashamba, kuna mmoja atakayeambiwa kwa upole kwamba sehemu yake ni ile ya juu, kwenye kichanga.

Sasa tupande ngazi kidogo, maana mwenye kinu na mwenye watumwa wote wawili walikuwa chini kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walipeleka pembe zao pwani wenyewe, kwa mali yao. Kilichowashinda si nguvu za miguu. Kilichowashinda ni mkopo. Mfanyabiashara wa Kiarabu au Mswahili aliyefika Unyanyembe, kule Tabora, alikuwa amekopeshwa bidhaa na tajiri wa Kihindi wa Unguja au Bagamoyo, na yule tajiri aliweza kukaa mwaka, miaka miwili, hata zaidi, akingojea pembe zifike pamoja na faida yake. Tajiri Taria Topan alimkopesha mfanyabiashara Tippu Tip kwa namna hiyo. Mnyamwezi mwenye pembe moja hakuwa na wa kumngojea. Polepole mwenye pembe akawa mbeba pembe za mwenzake.

Hapo ndipo panaponiuma. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, ameonyesha kwamba katika karne ile bei ya pembe Unguja ilizidi kupanda, huku vitambaa vya viwandani kutoka ng'ambo vikizidi kuwa rahisi. Mpagazi alibeba begani kitu kinachopanda thamani, akalipwa kwa kitu kinachoshuka. Hakuibiwa na mtu unayeweza kumwonyesha kidole. Hata kama kila doti aliyoahidiwa alipewa, bado alikuwa akirudi nyuma.

Mtemi mmoja alijaribu kukata kipande cha faida ile ili kibaki bara. Mnywa Sere wa Unyanyembe alitaka bidhaa za wafanyabiashara zilipiwe ushuru. Kufikia mwaka 1860 wafanyabiashara hao walikuwa wameshamwondoa na kumkalisha Mkasiwa kwenye kiti, na Speke alipopita tena 1861 alikutana na Mnywa Sere akiwa mkimbizi.

Na fedha zilizokwenda pwani? Nyingine unaweza kuzigusa kwa mkono. Sewa Haji Paroo alitajirika Bagamoyo kwa kuuzia misafara bidhaa na kuitafutia wapagazi. Kabla ya kufa mwaka 1897 alitoa mali kwa ajili ya shule na hospitali, na jina lake bado lipo kwenye jengo la wagonjwa pale Muhimbili. Mjomba wangu alilazwa humo. Sisemi Sewa Haji alikuwa mtu mbaya, la hasha, wangapi walipata kama yeye na hawakuacha hata kisima? Nasema tu kwamba sadaka ile ilitoka pia mabegani mwa watu wa huku, na ukitaka kuifaidi unapanda treni hadi Dar es Salaam.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Tura ikapata stesheni, na biashara ya kibaba ikafa. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshaanza kudai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Kazi ya njiani imekwisha, kodi ipo palepale. Wanaume wakaelekea kwenye mkonge wa Tanga, na watoto wao wakaitwa manamba.

Siku hizi kipimo kimegeuka. Mnunuzi wa mahindi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu, lumbesa, na analipa bei ya gunia la kawaida. Wakala wa Vipimo wamepiga marufuku, kila mtu anajua, na mwezi wa sita linajazwa mchana kweupe. Nimesimama pale nikamwona mama mmoja akishindilia kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mnunuzi alimwambia bado halijakaa vizuri. Ada ya mwanawe ilikuwa inadaiwa wiki ile. Januari atanunua mahindi hayohayo kwa kilo, yaliyopimwa kwa mzani wa dukani, ambao haukosei hata punje.

Nimehesabu kichwani kaya za mtaa wetu ambazo hazikuuza mwezi wa sita. Si zenye mashamba makubwa zaidi, wala si wachapakazi kuliko wengine. Ni zile zenye mtoto mjini anayetuma chochote kwa simu.