Kunguru na Aliyemfuga

Wahispania wana methali isemayo: fuga kunguru, nao watakung'oa macho. Carlos Saura alipoipa jina filamu yake iliyotoka mwaka 1976, aliichukua nusu ya kwanza tu, *Cría cuervos*, yaani "fuga kunguru", nusu ya pili akamwachia mtazamaji. Mtindo huo si mgeni kwetu. Mtu akitamka "mchelea mwana kulia", msikilizaji humalizia mwenyewe: "hulia yeye".

Filamu hiyo ilipigwa Madrid mwaka 1975. Jenerali Francisco Franco, aliyeitawala Hispania nzima tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939, alikuwa amezeeka na kudhoofika. Alifariki tarehe 20 Novemba mwaka huo huo. Saura mwenyewe alizaliwa mwaka 1932, na vita vilipoanza alikuwa na umri wa miaka minne. Alijua, basi, maana ya kulelewa na watu wazima wenye silaha na siri.

Kisa chake ni chepesi kusimulia, kizito kukibeba. Ana ni msichana mdogo, mmoja wa mabinti watatu. Mama yao, aliyeuacha muziki wa piano kwa ajili ya ndoa, amekufa kwa maradhi na kwa majonzi ya mume asiye mwaminifu. Baba ni ofisa wa jeshi. Yumo nyumbani lakini hana ukaribu na mtu. Usiku mmoja naye anafariki ghafla, akiwa na mke wa rafiki yake. Ana anaichukua bilauri ya maziwa iliyokuwa chumbani, anaiosha kwa utulivu na kuipanga pamoja na nyingine. Anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba kwa unga ambao mama alimwambia ni sumu kali. Kumbe ni magadi ya jikoni. Siku ya maziko, jamaa wanapomtaka ambusu marehemu, Ana anakataa.

Hapo lugha yetu inanipa darubini. Kiswahili kinatenganisha kufa na kufiwa: kufa ni kwa aliyekwenda, kufiwa ni kwa aliyebaki. Kauli hiyo moja ya kutendewa hukiri kwamba kifo humtenda hata aliye hai. Kisarufi, Ana amefiwa mara mbili. Kwa mama, neno linamwenea sawasawa: anamwona mama akipita chumbani, akimchana nywele, kisha anatoweka. Kwa baba, neno linapwaya. Utamwitaje mtoto aliyempoteza mzazi kabla mzazi huyo hajafa? Tunalo neno yatima. Mtoto ambaye baba yake yu hai, nao hawajuani, hatujampa jina.

Nirudi kwa kunguru. Sisi nasi tunasema "kunguru hafugiki". Mhispania anamlaumu ndege kwa kukosa shukrani. Sisi tunamlaumu kwa tabia aliyozaliwa nayo. Methali zote mbili zimetungwa na mfugaji. Hakuna aliyemuuliza kunguru alilishwa nini. Saura amemuuliza. Amemweka Ana mbele ya kamera, na macho ya mwigizaji Ana Torrent, mtoto wa miaka tisa hivi, yanaitazama nyumba nzima bila kupepesa. Kwa tafsiri yangu, nyumba ile ni Hispania: bibi asiyesema, shangazi mwenye amri, bastola iliyoachwa na baba, na watoto waliorithi vyote bila kuelezwa lolote. Kama ningetakiwa kuipa filamu hii jina la Kiswahili, ningewaacha kunguru nichague methali inayomgeukia mlezi: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Nayo ningeikata katikati, kama Saura.

Filamu hiyo ilipata Tuzo Maalumu ya Jopo la Waamuzi huko Cannes mwaka 1976, na wimbo ambao mabinti wale wanaucheza, *Porque te vas*, ukavuka mipaka ya Hispania. Wengi hulidhani jina lake ni swali, "kwa nini unaondoka?" Sivyo; lingekuwa swali, neno la kwanza lingeandikwa mbalimbali na kwa alama. Maana yake ni "kwa sababu unaondoka". Ni sababu iliyotolewa pasipo swali, na watu wazima huwajibu hivyo watoto msibani.

Washairi wenzangu, tazameni hazina yetu. Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na hadi leo tunausoma wosia wa mama anayejiandaa kuondoka. Tunayo sauti ya mama. Sauti ya binti aliyebaki na wosia mkononi hatunayo. Tunazo mbolezi za wajane, za wafuasi kwa viongozi wao, za washairi kwa washairi. Mtoto tumezoea kumtoa chumbani maiti inapooshwa, tukisema hajui kitu. Anajua. Na tusipompa maneno, atajitungia maelezo yake mwenyewe, kama Ana na unga wake, na huenda akajihukumu kwa kosa ambalo hakulitenda.