Kangaga la Mapambo Lililofika Ziwani: Ijue Historia ya Salvinia

Ndugu msomaji, hivi karibuni mama mmoja anayefuga sato hapa Sengerema alinionyesha beseni lililokuwa barazani kwake. Juu ya maji ulielea mmea mdogo wa kijani, majani yake yana vinyweleo na yamejipanga wawili wawili. Aliuokota mwaloni kwa sababu aliupenda. Akaniuliza, "Bwana shamba, huu unatunzwaje? Nataka niuhamishie bwawani samaki wapate kivuli."

Kabla ya kumjibu nilimsimulia mmea huo umetoka wapi. Naomba na wewe unifuatilie, maana ukiijua historia yake, jibu utalipata mwenyewe.

Mmea huo unaitwa Salvinia. Wengi wetu tunauita gugu maji, lakini siyo lile la maua ya zambarau lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Huu ni jamii ya kangaga, ile mimea isiyotoa maua inayoota penye kivuli na unyevu. Kangaga hili limeacha nchi kavu na kuishi juu ya maji. Hata mizizi halina: kile unachokiona kikining'inia chini ni jani lililogeuka kuwa nyuzi nyuzi.

Asili yake ni kusini mashariki mwa Brazili. Lilitoka huko kwa sababu ya uzuri wake, kwani watu walilipenda kwenye mabwawa ya bustani na matangi ya vioo ya samaki. Mwaka 1939 lilipelekwa Sri Lanka kwa ajili ya masomo ya mimea mjini Colombo, likatoroka na kuvamia mashamba ya mpunga na mifereji.

Afrika nako lilifika. Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilianza kujaa maji Desemba 1958. Mei 1959 Salvinia ilikuwa imeshaonekana humo, na kufikia 1962 ilifunika takriban kilomita za mraba 1,000. Miaka ya 1960 ilionekana Ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 2013 ikagunduliwa Ziwa Kyoga, Uganda. Sasa ipo kwetu. Mwanzoni mwa 2025, kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni, magugu haya yalikwamisha vivuko, na abiria wakasubiri kwa saa nyingi.

Linaeneaje haraka hivyo? Salvinia hii haizai kwa mbegu, bali kila kipande kinachokatika ni mche. Panga boya la injini, pita na mtumbwi, vuta wavu, na kila kipande ulichokata kitaanza maisha yake. Penye joto na maji yenye rutuba, huongezeka maradufu ndani ya siku chache tu.

Historia hii ina somo moja kubwa: ujue jina sahihi. Kwa miaka mingi wataalamu waliichanganya na Salvinia ya aina nyingine. Walitafuta mdudu wa kuila kwenye aina hiyo nyingine, wakamwachia Afrika na Fiji, lakini hakufua dafu. Mwaka 1972 mtaalamu D. S. Mitchell aliipa jina lake, Salvinia molesta. Baadaye ilipatikana asili yake kule Brazili, na pamoja nayo mbawakavu mdogo anayeila hasa. Aliachiwa Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, na kufikia mwishoni mwa 1981 karibu magugu yote yalikuwa yameisha.

Kwa hiyo usitegemee wale wadudu walioletwa miaka ya 1990 kupunguza gugu maji la zambarau. Wale chakula chao ni lile la zamani, hili hawalili. Ukitoa taarifa kwamba "gugu maji limerudi", unaweza kumpeleka mtaalamu kwenye dawa isiyo yake.

Sasa jibu la yule mama, na lako pia:

1. Usiuweke bwawani. Utaziba mwanga, hewa ya oksijeni itapungua majini, na sato wako watakufa.
2. Ulio nao usiumwage mtoni wala mtaroni. Uanike juani mbali na maji mpaka ukauke kabisa, kisha uuchome au uufukie.
3. Kagua nyavu, mtumbwi na ndoo kabla ya kuhama mwalo. Kipande kidogo tu kinatosha.
4. Ukiuona sehemu mpya, piga picha na umwone afisa uvuvi au afisa ugani wa kata yako. Taja jina: Salvinia.

Kama unapenda kangaga kwa mapambo, panda yale ya nchi kavu kwenye chungu chenye matundu chini. Changanya udongo na mboji, weka kivulini, mwagilia udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji, na punguza majani yaliyokauka. Uzuri utaupata, na ziwa litabaki salama.

Yule mama alilimwaga beseni lake juu ya mawe, juani. Wiki hii ameniomba mboji ya kupandia kangaga la chungu.

Tukutane kwenye somo lijalo.